Maji Baridi, Rangi ya Chai

Gari la Shirika liliingia karakanani bila honi, na anayeingia kwako bila hodi hajakuletea zawadi. Kavutha aliuegemeza mchi kwenye kinu, akajifuta majani ya mwarobaini mikononi kwa leso yake, akasimama mlangoni kama anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

Walishuka watu wawili. Wa kwanza alikuwa Sajini Makokha wa kituo cha polisi cha tarafa, mtu mzito aliyependa amani na kivuli. Wa pili alikuwa Mhandisi Badi Shee, mzaliwa wa Lamu, yule yule aliyekuja hapa Kwa Syengo kuifungua karakana ya machujio ya maji, akacheza ngoma na akina mama mpaka viatu vyake vikageuka rangi ya udongo. Siku ile maneno matamu yalimtoka kama maji. Leo alikuwa akitazama kucha zake.

"Tunamtafuta mama anaitwa Wayua," sajini alisema.

"Wayua ni mama mkwe wangu. Na mkubwa wa karakana ni mimi. Kama kuna neno, nipe mimi."

"Neno ni fedha, mama. Fedha imeliwa."

Pale kwenye jiko la jua, Wayua alicheka bila kuacha kukoroga sufuria yake. "Fedha gani hiyo? Tangu nianze kuchemsha haya majani, fedha naisikia tu kwa redio."

"Si fedha ya mfukoni, nyanya," Badi alisema. "Ni fedha yenyewe. Madini. Tumeyavunja machujio yenu maabara, tukayasaga, tukayapima. Hamna kitu ndani. Ni udongo mtupu."

Kicheko cha Wayua kilikatika. Hakuna mtu wa nchi kame ile ambaye hakujua maana ya maneno hayo. Homa ya matumbo ilikuwa imeingia soko la Kyamutu na kuanza kuchukua watu, na homa ya matumbo haikuwa na tiba tena. Vidonge na sindano zilizowaponya babu zao vilikuwa vimechoka. Vijidudu vilivizoea kama mtoto anavyozoea kelele za baba mlevi. Kuchemsha maji nako kulikuwa na kesi yake. Miti ilikuwa imekwisha, kuni zilikuwa marufuku, na jiko dogo la jua alilopewa kila mwenye nyumba lilitosha ugali, halikutosha maji ya ukoo. Kilichobaki kati ya mtu na kaburi ni chujio, kile chungu cha udongo chenye matundu yasiyoonekana, kilichochovywa kwenye fedha iliyopikwa kwa majani. Na machujio yote ya Kyamutu yalitoka hapa.

"Unasema tumeiba," Kavutha alisema polepole.

"Shirika lasema. Chumvi ya fedha tuliwaletea, kila chupa kwa kipimo chake. Kwenye machujio haimo. Imekwenda wapi?" Badi alitoa simu yake. "Na Somo aliwauliza. Sikilizeni wenyewe."

Somo kilikuwa kile kisanduku kilichotundikwa ukutani, mwalimu wa kila karakana kuanzia pwani hadi bara. Kilikuwa na sauti ya mwanamke mzima, tulivu, yenye lafudhi ya visiwani, na kiliwaongoza hatua kwa hatua: tia hiki, subiri, koroga, umefika wapi? Macho hakikuwa nayo. Shirika lilipiga hesabu likaona jicho ni ghali na sikio ni rahisi, kwa hiyo Somo aliuliza na watu wakajibu. Sasa sauti yake ilitoka kwenye simu ya Badi.

"Maji uliyotia ni maji baridi?"

"Ndiyo, ni baridi," sauti ya Wayua ilijibu.

"Na rangi imefika chai?"

"Imefika."

"Una hakika imefika chai?"

"Imefika kabisa, dada."

Badi aliizima simu. "Kila sufuria, miezi na miezi, jibu ni hilo hilo. Kama rangi ingefika kweli, chujio lingekuwa na fedha. Kwa hivyo nyanya alikuwa akidanganya."

Kavutha alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alimjua Wayua kwa miaka mingi, na miaka mingine hawakupatana. Mama huyu angeweza kukusema jikoni, sokoni na kanisani, lakini kudanganya hakujua. Ulimi wake ulikuwa mfupi mno kwa kazi hiyo.

"Hutamgusa," alimwambia sajini. "Mtakaa hapa, mtazame tukipika sufuria moja kuanzia mwanzo. Mkiona mtu ameficha hata tone, tufungeni wote."

Sajini alilitazama jua, akaitazama barabara aliyotoka, akalitazama benchi lililokuwa chini ya paa la makuti. "Hata sisi hatuna haraka," alisema. "Na kama kuna chai, mama, hatutakataa."

*

Majani yalikuwa yamekwisha kutwangwa. Wayua aliyatia kwenye sufuria safi, akaenda pembeni palipokuwa na mtungi mkubwa uliofunikwa kwa gunia lenye maji, akachota.

"Mbona maji yamefungiwa hivyo?" Badi aliuliza.

"Si Somo anataka maji baridi? Hapa kwetu hata ya kisima yakikaa nje saa moja yanakuwa moto. Tunayaweka kivulini na gunia mpaka yawe baridi. Kazi ya kila asubuhi hiyo."

Badi aliacha kutazama kucha zake. "Ya kisima," alisema.

"Sasa ya wapi? Mvua umeiona wewe?"

Mhandisi alikwenda kwenye mtungi, akachovya kidole, akakiramba. Kavutha alimwona akikunja uso, akadhani ni dharau, na hasira ikapata kuni mpya. Badi alirudi akasimama nyuma ya Wayua kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani.

Majani yalichemka, yakachujwa kwa kitambaa, yakaachwa yapoe. Supu yake ilikuwa ya manjano hafifu, kama mkojo wa mtoto. Wayua alivaa glavu, akachukua chupa nyeusi ya Shirika, akaanza kudondosha chumvi ya fedha tone baada ya tone huku akikoroga. Hapo ndipo jani hufanya kazi yake. Uchungu ule ule unaoufanya mwarobaini usitafunike huishika fedha iliyoyeyuka na kuifanya chembe ndogo ndogo, ndogo kiasi kwamba ukizipanga kwenye upana wa unywele mmoja zitaenea maelfu. Ndizo zinazoua. Chembe hizo huingia kwenye matundu ya udongo na kukaa humo miaka, zikingoja kijidudu kipite.

Sufuria ilibadilika. Kwanza wingu jeupe lilitanda katikati, likasambaa, kisha yote yakawa mazito, ya kahawia iliyofifia, yasiyoonyesha kijiko kilichozama ndani.

"Rangi imefika chai?" Somo aliuliza ukutani.

Wayua aliinama, akaangalia kwa makini, kwa haki kabisa. "Imefika."

"Haijafika," Badi alisema. "Hii imeharibika. Nyanya, waiona kwa macho yako, na wamwambia imefika?"

"Nimeambiwa rangi ya chai. Hii si chai?"

"Hii si chai hata kidogo."

Kavutha alikuwa amesimama na birika na vikombe mkononi, chai ya sajini. Hakupanga kufanya alichofanya. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliweka kikombe ukingoni mwa jiko, kando kabisa ya sufuria, akamimina. Chai ilitoka na maziwa yake, imechemshwa pamoja kama inavyochemshwa kila nyumba kutoka pale hadi mpakani mwa Uganda. Rangi ya kikombe na rangi ya sufuria zilikuwa moja. Hata mtu wa duka la rangi asingezitenganisha.

"Hii ni nini?" alimuuliza Badi.

"Hiyo... hiyo ni chai ya maziwa."

"Hapa inaitwaje?"

Sajini, aliyekuwa amenyoosha mkono kupokea kikombe, aliurudisha. "Hapa ni chai," alijibu badala ya mhandisi. "Ile isiyo na maziwa ni turungi. Turungi unampa mgonjwa, ama mtu wa kesi."

"Kwetu chai ni mkandaa," Badi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Nyekundu, nzito, waona mpaka chini ya gilasi. Ukitaka ya maziwa, wasema ya maziwa. Na maji baridi..." Alijifuta uso. "Maji baridi ni maji yasokuwa na chumvi. Ya mvua, ya jabia la kukingia mvua. Hayana habari na moto wala baridi. Kisima chenu kina munyu, na munyu ukikutana na fedha huikamata, huigandisha ikawa ule weupe. Haiwi chembe. Huzama chini."

"Na kile kinachozama chini tunakimwaga tukiosha sufuria," Wayua alisema. "Pale nyuma. Kumbe ndiyo fedha yenyewe?"

Badi alikubali kwa kichwa.

"Nani alimfundisha hiki kisanduku kusema?" Kavutha aliuliza.

"Tulirekodi wazee wa Lamu. Sauti ni ya bibi yangu mimi. Amekufa, Mungu amrehemu." Badi alilitazama sanduku lile. "Tulitaka Kiswahili safi."

Kavutha alicheka, na kicheko hicho Wayua hakuwahi kukisikia kwa mkaza mwanawe. "Kiswahili safi. Watu wanakufa Kyamutu kwa Kiswahili safi. Mlileta mashine, mkaleta polisi, mkaleta utepe wa kukata. Mtu mmoja tu wa kuja kukaa hapa, anywe chai na sisi siku moja, huyo mlimkosa?"

*

Badi alikwenda kupiga simu nyuma ya tanuri la kuchomea vyungu, na alikaa huko mpaka chai ya sajini ikaisha. Aliporudi alimwomba Kavutha wazungumze kando. Wayua alifuata bila kuombwa.

"Shirika wamekubali kwamba ni kosa," Badi alisema. "Somo atarekebishwa leo hii, pasi na tangazo. Machujio mapya yataanza kutoka, na ya zamani tutayabadilisha taratibu, kijiji kwa kijiji. Wataambiwa ni toleo jipya."

"Taratibu mpaka lini?"

"Mpaka baada ya mavuno."

"Na hao watu watakunywa nini mpaka baada ya mavuno?"

"Yale walo nayo. Kavutha, nisikilize. Somo ni huyo huyo mmoja bara nzima. Karakana zenye visima vya munyu zimeharibu. Zenye maji ya mto na mvua zi salama. Ipi ni ipi hatujui mpaka tupime. Ukisema leo kwamba chujio laweza kuua, nani atabaki kuuliza limetoka wapi? Watayavunja yote. Mazima na mabovu. Watarudi mtoni, na mtoni kumejaa mauti. Watakufa wengi kuliko hawa."

Lililomuuma Kavutha ni kwamba hakuwa akisema uongo. Aliwajua watu wake. Aliwahi kuwaona wakilivunja daraja zima kwa ubao mmoja uliooza. Angependa Badi awe mwongo wa kawaida, amtemee mate wamalizane. Badala yake alikuwa amemletea ukweli uliooshwa vizuri na kumpa aunywe.

"Na yeye?" alimwonyesha Wayua kwa kidevu.

"Kyamutu wataka sababu," Badi alisema. "Wizi washausikia. Shirika litamwekea wakili, na halitamwacha afungwe muda mrefu."

"Mnyonge hana haki, siyo?"

"Sikusema mimi."

"Umekuja kulisema. Limetoka kwa mdomo wako."

Wayua alikohoa. "Wacha niende," alisema. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Kama jina langu litafanya watoto wa watu waendelee kupata maji, walichukue. Huko jela kwani ni wapi? Nitakaa."

Hapo ndipo Kavutha alipokasirika kweli. Yote ya asubuhi yalikuwa kuwasha tu. Aliwakasirikia Shirika waliohesabu bei ya jicho, alimkasirikia mhandisi na aibu yake isiyomsaidia mtu, na kuliko wote alimkasirikia mama huyu aliyekuwa tayari kujilaza chini akanyagwe na kuita huko kuwa daraja.

"Maji gani, mwaitu, mama yangu?" alisema. "Maji gani watapata? Yale machujio ndiyo yanawaua. Ukienda jela leo, kesho watakunywa tena, na kila atakayezikwa atazikwa akikulaani wewe. Hiyo ndiyo zawadi unataka kuwapa?"

Kavutha hakungoja jibu. Alikuwa tayari amegeuka kuelekea ukutani.

Kila Somo alikuwa na mbiu, kitufe cha kutangazia hatari. Kiongozi wa karakana akiibonyeza, atakachosema kingefika karakana zote na kurudiwa na Somo kwa sauti yake, ili kila mtu asikie sauti anayoiamini. Iliwekwa kwa ajili ya moto na kumwagika kwa dawa. Kavutha alikuwa hajawahi kuigusa.

"Kavutha," Badi aliita. Alikuwa na ufunguo wa kukizima kisanduku mfukoni, wote walijua. Mkono wake ulishuka hadi mfukoni ukabaki humo humo.

Kavutha alibonyeza.

"Mimi ni Kavutha, karakana ya Kwa Syengo. Machujio tuliyotengeneza hapa ni mabovu. Hayazuii ugonjwa. Hakuna aliyeiba. Tuliambiwa maji baridi, tukatia ya kisima yenye munyu. Tuliambiwa rangi ya chai, tukapika mpaka ikawa kama chai ya maziwa. Kama na nyinyi mnafanya hivyo, yenu ni mabovu kama yetu, waambieni watu leo. Kama maji yenu ni ya mvua au ya mto, na sufuria yenu inakuwa kama turungi, yenu ni mazima. Msiyavunje, nawaomba. Sisi wenye mabovu tuchemshe maji. Kuni ni marufuku, najua. Washeni."

Alitoa kidole. Kisha ukutani sauti ya yule bibi wa Lamu ikaanza kuyarudia yote, tulivu, bila haraka, kama anayefundisha kupika mkate. *Machujio tuliyotengeneza hapa ni mabovu.* Badi alisikiliza mpaka neno la mwisho huku ameinamisha kichwa.

"Mama," Sajini Makokha alisema kutoka kwenye benchi, "hilo la kuni mimi sikulisikia." Akainuka, akavaa kofia yake, akaenda kumngoja mhandisi garini. Wayua hakuitwa.

*

Walianza kuja siku ile ile. Wengine walirusha machujio yao juu ya ua bila hata kusimama, na wengine waliingia ndani kuyavunja mbele ya macho ya Kavutha, mmoja mmoja, wakitaka aone. Mama mmoja alimtukana Wayua mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwomba maji ya kunywa, akakumbuka, akalia. Moshi ulikuwa umeanza kuonekana juu ya nyumba za mbali. Kavutha aliuhesabu kuwa ni ushindi wake pekee.

Asubuhi iliyofuata Somo alileta majibu ya karakana nyingine. Zilizokuwa na visima vya munyu zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani Badi. Na kule milimani, kwenye mvua ya kutosha na sufuria zilizofika rangi ya turungi, watu walikuwa wamevunja machujio mazima, wakayatupa, wakashuka mtoni. Kavutha aliomba hapo hapo, kwa sauti, wasinywe, ingawa Somo hakuwa akisikiliza. Wayua alimshika bega. Kavutha aliuondoa mkono ule, kisha akaurudisha.

Badi hakuondoka na sajini kwenye gari la Shirika. Alikuwa amekunja mikono ya shati na kuchimba pale nyuma wanapomwaga maji ya sufuria, akikusanya udongo ulioshika fedha. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo na hakuna aliyemshukuru. Akina mama walimpita kama kisiki.

Mtu wa mwisho kuja siku hiyo alikuwa Musili, fundi wa mawe wa Kyamutu. Hakupiga kelele. Alilibeba chujio lake kwa mikono miwili, akaliweka chini mbele ya Kavutha taratibu, akasimama.

"Ni wewe umesema kwa Somo?"

"Ni mimi."

Kavutha alijiweka tayari. Alikuwa na majibu kwa wote: Shirika, munyu, Kiswahili safi cha watu waliokuwa mbali. Majibu hayo alikuwa ameyatoa tangu jana na kila moja lilikuwa la haki.

"Mtoto wangu mdogo, tuliyemzika juzi, alikuwa hataki haya maji," Musili alisema. "Alisema yanamuuma tumbo. Nikamwambia anatafuta sababu ya kukosa shule. Nikamwambia haya ni dawa. Alipokataa nikamchapa, akanywa."

Kavutha aliinama akalisogeza chujio kando.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Alikuwa anasema ukweli?"

"Alikuwa anasema ukweli," Kavutha alisema.

Musili aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akakaa chini palepale vumbini. Kavutha akakaa naye.